Paul Robeson: Sauti Iliyonyimwa Pasipoti

Ni desturi ya shule nyingi kumfundisha mtoto wimbo kabla hajaweza kuandika jina lake. Mtoto huupenda wimbo, huushika upesi, na aghalabu huukumbuka hata uzeeni. Lakini ni mara chache aambiwe nani aliyeuimba kwanza, alikuwa katika dhiki gani, na nani hakutaka usikike. Wimbo unaofundishwa hivyo hufanana na kifuu cha nazi iliyokwisha kukunwa: umbo lipo, chakula hakimo.

Somo la kupinga dhuluma nalo hupatwa na mkosi huo huo. Wako walimu wanaoliepuka kwa hofu kwamba litawafunza vijana fujo. Wako wanaolifundisha kama orodha ya tarehe za migomo na maandamano, ambayo mwanafunzi huikariri mpaka siku ya mtihani na kuisahau siku ya pili yake. Sisi twaona kwamba ipo njia ya tatu: kuchukua maisha ya mtu mmoja ambaye ndani yake historia, sanaa na muziki havikutengana, na kuyafuata hatua kwa hatua, pamoja na makosa yake. Kwa kazi hiyo ni wachache wafaao kama Paul Robeson, Mmarekani mweusi, mwimbaji na mchezaji wa tamthilia.

Robeson alizaliwa Princeton, katika jimbo la New Jersey, tarehe 9 Aprili 1898. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa katika jimbo la North Carolina, akatoroka mwaka 1860 akiwa kijana wa miaka 15. Mtoro huyo alisoma mpaka Chuo Kikuu cha Lincoln, akawa mchungaji. Mwaka 1901 alinyang'anywa kanisa lake la Princeton, na msomi yule akawa anazoa majivu ya majumba ya watu na kuendesha gari la farasi ili watoto wake wapate kula. Mwaka 1904 mama wa nyumba akafariki kwa ajali ya moto wa jiko, na Paul alikuwa hajatimiza miaka sita. Mwanafunzi anayesoma habari hizi hana haja ya kuhubiriwa kwamba mateso ya watu weusi wa Marekani hayakwisha siku utumwa ulipofutwa kwa sheria mwaka 1865. Ayaona katika nyumba moja, juu ya mabega ya baba mmoja.

Mwaka 1915 kijana Paul alishinda mtihani akapata nafasi ya kusoma katika chuo cha Rutgers, akiwa mtu mweusi wa tatu kuingia humo tangu chuo kilipoanzishwa. Alipokwenda kujaribu mpira wa miguu wa Kimarekani, wachezaji wenzake weupe walimwangukia kwa makusudi, wakamvunja pua, wakamtegua bega na kumkanyaga mkono kwa njumu. Alirudi uwanjani. Akawa mchezaji bora hata akachaguliwa mara mbili, mwaka 1917 na 1918, katika timu ya heshima ya nchi nzima. Katika masomo alikuwa miongoni mwa wa kwanza, na mwaka 1919 ndiye aliyetoa hotuba ya kuwaaga wahitimu wenzake. Kisha alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, akahitimu mwaka 1923. Akaanza kazi katika ofisi ya mawakili jijini New York, lakini karani mmoja alikataa kuandika maneno yanayosomwa na mtu mweusi. Robeson akachukua kofia yake, akatoka, asirudi tena katika kazi ya sheria.

Hapo ndipo jukwaa lilipompata. Alikuwa na umbo kubwa na sauti nzito ya kina, na mwaka 1924 alicheza katika tamthilia za Eugene O'Neill jijini New York. Lakini jambo kubwa zaidi lilitokea tarehe 19 Aprili 1925. Siku hiyo, akifuatana na mpiga piano Lawrence Brown, aliimba usiku mzima nyimbo za watu weusi peke yake: nyimbo za kiroho zilizotungwa na watumwa, na nyimbo za kazi. Zamani hizo waungwana wa mjini walizihesabu nyimbo hizo kuwa vitu vya mashambani, visivyostahili kuimbwa na mtu aliyevaa suti mbele ya watu waliolipa kiingilio. Robeson hakuzipamba kwa mitindo ya Ulaya, wala hakuzifanyia mzaha. Aliziimba kwa heshima, kama mtu asomaye wosia wa wazee wake. Hakupiga kelele wala hakumtukana mtu, lakini aliyetoka katika ukumbi ule hakuweza tena kusema kwa dhamiri safi kwamba mtumwa hakuwa na akili wala utu. Hilo ni somo la kwanza kwa vijana: kudai haki hakuanzi barabarani. Huanza pale mtu anapokataa kuionea aya urithi wake.

Somo la pili ni gumu zaidi, nalo lahusu kosa. Katika miaka ya 1930 Robeson aliishi London, na humo akaitafuta Afrika. Alijiandikisha katika chuo cha lugha za Mashariki na Afrika akasoma lugha kadhaa za bara letu, na Kiswahili kikiwamo. Alifahamiana na vijana wa Kiafrika waliokuwa wakisoma huko, baadhi yao wakawa baadaye viongozi wa nchi zilizojikomboa. Basi alipoombwa kucheza katika sinema iitwayo Sanders of the River, iliyotoka mwaka 1935, alifurahi. Aliambiwa kwamba nyimbo na ngoma za kweli zimepigwa picha Afrika kwenyewe, akadhani dunia itaona sasa utamaduni wetu ulivyo. Hata Jomo Kenyatta, aliyekuwa mwanafunzi London wakati huo, alipewa nafasi ndogo katika sinema hiyo.

Lakini aliyeshika mkasi wa kukatia sinema hakuwa Robeson. Ilipokamilika, ilikuwa ni sifa tupu kwa mtawala wa kikoloni, na Mwafrika aliyechezwa na Robeson alikuwa mtumishi mtiifu wa bwana huyo. Robeson aliona haya, akaikana sinema hiyo hadharani, na katika miaka iliyofuata alikataa kazi nyingi za namna hiyo. Mwalimu asiifiche habari hii kwa kumlinda shujaa wake. Awaulize wanafunzi: sauti ilikuwa ya nani, na fedha zilikuwa za nani? Nani alichagua kipande kipi kibaki na kipi kitupwe? Kijana aliyezoea kuuliza hivyo mbele ya picha, sinema au gazeti lolote, hata gazeti hili, amekwisha kupata nusu ya elimu ya uraia.

Wimbo uliompa sifa kubwa kuliko zote, Ol' Man River, una somo lake pia. Uliandikwa na watungaji weupe kwa ajili ya mchezo wa Show Boat wa mwaka 1927. Ndani yake kuli weusi wa bandarini kando ya mto Mississippi anaeleza mateso ya kubeba mizigo, lakini anaishia katika uchovu na hofu, kama kwamba mateso yake ni sawa na mto: yalikuwapo, yapo, na yatakuwapo. Robeson aliuimba hivyo London mwaka 1928 na watu wakashangilia. Baadaye, mapambano ya dunia yalipomfungua macho, aliubadili. Sauti ya muziki aliiacha ilivyo, ila maneno ya kuchoka na kuogopa akayaondoa, mahali pake akatia azimio la kuendelea kupigana hadi kufa. Kuli yule yule aliyekuwa akilalamika sasa akasimama wima. Rekodi za namna zote mbili zipo hata leo. Mwalimu akizipiga moja baada ya nyingine darasani, na kuwaacha wanafunzi waitafute tofauti wao wenyewe, atakuwa amewafundisha kwa nusu saa jambo ambalo kitabu kizima huenda kisiweze.

Je, nini kilichomfungua macho? Jibu ni wafanyakazi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alikutana London na wachimba makaa ya mawe kutoka Wales waliokosa kazi, nao walikuwa wakipita barabarani huku wakiimba. Akajiunga nao. Aliona kwamba umaskini wa mchimba makaa mweupe na dhiki ya kuli mweusi vina shina moja, na urafiki ule ukadumu maisha yake yote. Mwaka 1937, katika mkutano wa London wa kuwasaidia watoto wakimbizi wa vita vya Hispania, alitangaza kwamba msanii hawezi kukaa katikati. Hana budi kuchagua upande wa uhuru au wa utumwa, na yeye amekwisha kuchagua. Mwezi Januari 1938 alikwenda Hispania yenyewe akawaimbia askari waliokuwa wakipigana na Franco. Mwezi Desemba mwaka huo akaimba Mountain Ash, Wales, katika kumbukumbu ya wana 33 wa nchi hiyo waliokufa katika vita vile.

Aliporudi kwao mwaka 1939, alikuwa mmoja wa watu weusi wenye jina kubwa kuliko wote duniani. Mwaka 1943 alicheza Othello ya Shakespeare katika Broadway, mtu mweusi wa kwanza kuicheza huko pamoja na wachezaji weupe, na mchezo huo ukaonyeshwa mara 296, idadi ambayo mchezo wowote wa Shakespeare haukuwa umefikia pale. Kundi hilo liliposafiri mikoani, alikataa kucheza katika ukumbi wowote uliowatenga watazamaji kwa rangi. Wakati huo huo alikuwa mwenyekiti wa baraza lililoshughulikia mambo ya Afrika, lililokusanya misaada kwa wenye njaa Afrika Kusini na kudai uhuru wa makoloni. Mwaka 1946 aliongoza ujumbe kwa Rais Truman kudai sheria ya kukomesha mauaji ya watu weusi yaliyokuwa yakifanywa na makundi bila ya hukumu. Truman alikataa kuifanya haraka.

Bei ya kuchagua upande ikaja kudaiwa. Tarehe 27 Agosti 1949 alipangiwa kuimba karibu na mji wa Peekskill, jimbo la New York. Kundi la wahuni likavamia uwanja, likapiga watu, na wimbo haukuimbwa. Tarehe 4 Septemba akarudi. Watu wapatao 20,000 walikuja, na wanachama wa vyama vya wafanyakazi wakasimama bega kwa bega kuuzunguka uwanja mpaka Robeson akamaliza kuimba. Watu walipokuwa wakienda zao, mabasi na motokaa zikapigwa mawe njiani, na zaidi ya watu 140 wakaumia.

Mwaka uliofuata, 1950, serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti. Katika kuitetea amri hiyo mahakamani, wanasheria wa serikali walitaja, kati ya sababu zao, kwamba mtu huyu kwa miaka mingi amekuwa mstari wa mbele katika kudai uhuru wa watu wa Afrika waliotawaliwa. Jambo hili yafaa kila mwanafunzi wa Kiafrika alijue. Mtu alifungiwa mipaka ya nchi yake kwa kuwa, pamoja na mengine, alitusemea sisi wakati sisi wenyewe hatukuwa na kiti duniani. Kumbi za nchini mwake zilifungwa mbele yake, sahani zake za santuri zikaondolewa madukani. Mapato yake, yaliyokuwa zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, yakashuka hadi elfu chache. Kitabu kimoja cha historia ya mpira kilichotoka mwaka 1950 kilitaja ile timu ya heshima ya mwaka 1918 kwa majina ya watu kumi tu, badala ya kumi na mmoja. Jina lililokosekana lilikuwa lake. Hivyo ndivyo historia inavyoweza kuibiwa bila kelele, na ndiyo maana mwanafunzi afundishwe kuhesabu majina kabla ya kukiamini kitabu.

Lakini waliomfungia walisahau kwamba sauti haipiti forodhani. Tarehe 18 Mei 1952, chama cha wachimba madini wa Kanada kilimwandalia mkutano kwenye mpaka wa nchi hizo mbili. Robeson akapanda juu ya gari la mizigo lililosimama upande wa Marekani, akaimba, na maelfu ya watu wakasikiliza pande zote mbili za mpaka. Mwezi Oktoba 1957 wachimba makaa wa Wales walifanya tamasha lao Porthcawl, na rafiki yao hakuruhusiwa kuja. Wakatumia waya wa simu uliolazwa chini ya bahari ya Atlantiki mwaka uliotangulia. Yeye akaimba akiwa New York, na watu wapatao 5,000 wakamsikia ukumbini. Kisha kwaya yao nayo ikamwimbia yeye kwa waya huo huo.

Hapa twaomba msomaji atue kidogo. Mara nyingi habari za wasanii wapinga dhuluma husimuliwa kana kwamba msanii peke yake ndiye aliyeangusha ukuta. Sivyo. Peekskill kulikuwa na watu walioweka vifua vyao mbele ya mawe. Mpakani kulikuwa na chama cha wafanyakazi kilichotafuta gari na kutangaza mkutano. Porthcawl kulikuwa na wachimba makaa waliogharimia simu. Matajiri wa kumbi walipomfungia milango, waliomfungulia walikuwa watu wa mshahara mdogo. Wimbo hauna miguu; huenda pale unapobebwa.

Pasipoti yake ilirudishwa mwaka 1958, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuamua katika kesi ya watu wengine kwamba serikali haina mamlaka ya kumnyima raia hati ya kusafiri kwa sababu ya imani yake ya siasa. Mwaka 1959 alicheza Othello katika mji wa Stratford, alikozaliwa Shakespeare. Mwezi Novemba 1960, huko Sydney, Australia, aliwaimbia mafundi na vibarua waliokuwa wakijenga jumba kubwa la muziki. Hivyo waliotangulia kusikia wimbo mahali pale walikuwa ni wajenzi wenyewe. Baadaye afya yake ikavunjika. Alirudi Marekani mwaka 1963, akaishi kimya, na miaka ya mwisho akakaa kwa dada yake mjini Philadelphia. Akafariki huko tarehe 23 Januari 1976, akiwa na miaka 77.

Liko jambo moja ambalo wampendao hupenda kuliruka, nasi hatutaliruka. Tangu alipokwenda Umoja wa Kisovieti kwa mara ya kwanza mwaka 1934, Robeson aliipenda nchi hiyo, kwa kuwa humo alijiona akitendewa kama mtu kamili. Lakini chini ya Stalin watu wengi wasio na hatia walifungwa na kuuawa, na kati yao walikuwamo rafiki zake. Solomon Mikhoels, mchezaji mkuu wa tamthilia za Kiyahudi, aliuawa mwaka 1948. Mshairi Itzik Feffer alikuwa kifungoni Robeson alipozuru Moscow mwaka 1949, na mwaka 1952 akapigwa risasi. Katika ziara hiyo Robeson aliwataja wote wawili mbele ya watu ukumbini, kisha akaimba kwa lugha yao wimbo wa wapiganaji wa Kiyahudi. Ulikuwa ni ushujaa. Lakini aliporudi kwao hakusema neno hadharani dhidi ya dhuluma ile, kwa kuchelea kuwapa silaha adui zake, na baadaye akaipokea nishani ya amani iliyoitwa kwa jina la Stalin.

Twaandika haya si kwa kumshusha. Ni kwa sababu mwanafunzi akifundishwa kupinga dhuluma ya adui tu, hakufundishwa kupinga dhuluma, amefundishwa uadui. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na methali hiyo haikumsamehe hata mtu mkubwa kama Robeson. Mtu aliyeweza kusema kweli mbele ya kamati za wabunge wa nchi yake, na kwa kusema hivyo akapoteza mali na afya, alishindwa kuisema kweli hiyo ilipohusu nyumba ya rafiki. Vijana wetu wajue kwamba mtihani huu wa pili ni mgumu kuliko ule wa kwanza, na kwamba utawajia wao pia, kazini, chamani na nyumbani.

Basi mwalimu anayetaka kuanza asingoje vitabu vipya. Aanze kwa wimbo mmoja, wa Robeson au wa wazee wa mtaa wake, ulioimbwa katika mgomo, shambani au gatini. Awaulize watoto aliyeuimba alikuwa nani, aliuimba kwa nani, na ulimgharimu nini. Awatume kwa mababu na mabibi zao wakatafute majibu. Na mfanyakazi mwenye umri, anayezikumbuka nyimbo hizo, asione haya kuitwa darasani. Yeye ndiye kitabu ambacho hakikuchapwa, na akiondoka kabla ya kusomwa, kifuu kitabaki, nazi imekwisha.

Mwaka 1995 jina la Robeson liliingizwa katika jumba la heshima la wachezaji wa mpira wa vyuo vya Marekani, miaka 19 baada ya kifo chake. Lilirudi kwa sababu wako watu ambao hawakuchoka kuuliza yuko wapi mchezaji wa kumi na mmoja.